Kioo Chenye Alama za Vidole: Usiku Wetu Kwenye Baa ya Siri

Nilikuwa sijaonana na rafiki yangu huyu kwa miaka sita. Tulisoma pamoja, tukapanga chumba kimoja, tukagawana hadi sabuni ya kufulia, kisha kazi ikampeleka mbali, mimi nikabaki. Aliponiandikia kwamba atapita kwa siku tatu, nilisema moyoni kwamba huyu simpeleki popote ilimradi tu. Nilitaka usiku mmoja wa kukumbuka.

Ndivyo nilivyoingia kwenye habari za baa za siri, zile zinazoitwa spikizi. Ni baa zisizo na kibao nje. Mlango wake unaweza kuwa nyuma ya kabati la vitabu, ndani ya kibanda cha simu, au kwenye ukuta wa duka jingine kabisa, na unaweza kupita mbele yake mwaka mzima usijue kitu. Wanachouza hasa ni kokteli, pombe za kuchanganywa kwa mkono, moja moja, taratibu.

Usiku wetu ulikuwa mzuri na ulikuwa mgumu. Nikiupitia sasa, naona kwamba kila kilichoharibika kiliharibika kwa sababu kuna swali ambalo sikuuliza. Mahali palipofichwa pana nguvu hiyo: panakufanya uamini kwamba wengine wote wanajua, ni wewe tu usiyejua, na ukiuliza utajiumbua. Nilinyamaza pale nilipotakiwa kufungua mdomo, na aliyelipia zaidi ukimya wangu si mimi. Rafiki yangu amenipa ruhusa niandike.

Nafasi niliiweka kwa simu, usiku, nikiwa kitandani, wiki mbili kabla. Nilijaza watu wanne, maana niliwakusudia pia wenzetu wawili tuliosoma nao, ingawa nilikuwa bado sijawaambia. Fomu ikaomba namba ya kadi kwa ajili ya malipo ya kushikia nafasi, kwa kila kichwa. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo. Niliyashusha kwa kidole bila kuyasoma, nikabonyeza kwamba nimekubali. Siku tatu kabla, wale wenzetu wakasema hawataweza kuja. Nikawaambia hakuna shida, tutakwenda wawili, nikaendelea na shughuli zangu.

Laiti ningeyasoma yale maandishi ningejua kwamba nilikuwa bado na siku nzima ya kupunguza idadi, kwa kuwa mwisho wa kubadilisha ulikuwa saa 48 kabla. Ningejua kwamba baada ya hapo pesa ya asiyefika hairudi, kwamba meza hushikiliwa dakika 15 tu, na kwamba ukishaketi una saa moja na nusu, kisha unampisha mwingine. Baa hizi huwa ndogo, viti vinahesabika, na kiti kimoja kikikaa bure kwao ni hasara ya wazi. Sasa naelewa kwa nini wanabana hivyo. Lakini kuelewa baada ya pesa kukatwa hakunirudishii kitu, kwa hiyo anayeweka nafasi asome mstari kwa mstari, na idadi ya watu aijaze akishahakikisha, si kwa matumaini.

Kuna swali kubwa kuliko hayo yote ambalo pia sikuliuliza. Nilimwandikia rafiki yangu hivi: "Shosti, Ijumaa jiandae, nakupeleka mahali. Usiulize wapi." Akajibu, "Haya, nitakuja." Yeye si mtu wa majibu mafupi. Nikadhani ni uchovu wa safari.

Ijumaa ikafika. Mimi sikula jioni, kwa sababu niliona kazi ya kujipamba ni kubwa na muda ni mdogo, nikasema tutakula hukohuko. Hilo nalo sikuwa nimeuliza kama linawezekana.

Anwani ilitufikisha mbele ya duka la mshona nguo. Dirishani kulikuwa na sanamu iliyovalishwa koti lisilokamilika, nyuzi nyeupe za kupimia bado zinaning'inia, na cherehani kuukuu pembeni. Ndani giza. Ramani ya simu ilisema tumefika. Tulipita pale mara nne, tukaenda hadi kona, tukarudi. Rafiki yangu akasema, "Ngoja nimuulize yule mlinzi wa jengo la pili." Nikamshika mkono. "Acha bwana, tutaonekana washamba." Nayakumbuka maneno hayo kwa majuto, kwa sababu yule mlinzi alikuwa anatutazama, na nina hakika angetuonyesha kwa kidole tu, kama alivyokwisha kuwaonyesha wengi.

Mwishowe nilijaribu kitasa cha duka. Kilikuwa wazi muda wote.

Ndani palikuwa na chumba kidogo chenye rafu ya vitambaa, taa moja hafifu, na kioo kirefu cha kujitazamia kilichoegemea ukuta. Hapakuwa na mtu. Nilianza kuhangaika kutafuta kengele. Yeye alisimama mbele ya kile kioo, akainamisha kichwa upande, akasema, "Hebu njoo uone." Kioo chote kilikuwa safi, kimefutwa kikang'aa, isipokuwa sehemu moja ya kulia, usawa wa bega. Hapo palikuwa na ukungu wa alama za vidole, moja juu ya nyingine, eneo la upana wa kiganja. "Watu wanasukumia hapa," akasema. Akaweka mkono wake juu ya mikono ya wote waliotangulia, akasukuma. Kioo kikarudi nyuma bila hata kulia, na hewa baridi yenye harufu ya maganda ya machungwa ikatupiga usoni.

Katika yote ya usiku ule, dakika hiyo ndiyo niliyoitafuta. Alicheka kama alivyokuwa akicheka tukiwa wasichana.

Furaha ikakatika palepale mlangoni. Dada aliyetupokea alitazama daftari lake akatuambia kwa upole kwamba tumechelewa dakika 25 na meza imeshatolewa. Nilitaka kubishana. Akasema, "Ninaweza kuwaweka kaunta, viti viwili vya mwisho kule." Nilikubali huku moyo unaniuma, nikiona kwamba nimempeleka mgeni wangu kwenye kiti cha waliokosa. Kumbe kaunta ndicho kiti cha kukiomba. Mezani unaletewa glasi tu, hujui imetoka wapi. Kaunta unaiona kazi yenyewe, na unaweza kuzungumza na anayeifanya. Tangu siku hiyo, nikiwa na mtu mmoja tu, naomba kaunta tangu mwanzo.

Pale mbele yetu kulikuwa na kikadi chenye masharti ya nyumba: sauti za chini, picha bila mwanga wa kamera, usimsogelee mgeni usiyemjua bila yeye kutaka, na ukitoka, toka kimya. Rafiki yangu akamuuliza kijana wa kaunta kwa nini masharti yote hayo. Yeye haogopi kuuliza, na ni jambo ambalo nimekuwa nikilipenda kwake tangu shuleni.

Kijana alitueleza huku mikono yake ikiendelea na kazi, na mengine nimeyasoma baadaye. Marekani ilipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe kuanzia tarehe 17 Januari 1920, na marufuku hiyo ikadumu hadi tarehe 5 Desemba 1933. Kwa sheria ile, kinywaji chenye kileo cha kuanzia nusu asilimia kilihesabiwa kuwa cha kulevya. Watu hawakuacha kunywa. Walihamia nyuma ya milango. Jina lenyewe la spikizi linabeba maana ya kusema kwa sauti ndogo, usije ukasikika nje. New York kulikuwa na nyumba moja, 21 Club, iliyofunguliwa 1930, ambayo stoo yake ya mvinyo ilikuwa nyuma ya mlango mzito uliojengwa ukafanana na ukuta wa matofali, na ili ufunguke ilibidi upenyeze waya mwembamba kwenye tundu dogo. Rafu za kaunta zilitengenezwa ziweze kupinduka, chupa ziporomoke chini polisi wakiingia kwa msako.

Pombe yenyewe ilikuwa ya magendo na mara nyingi mbaya. Nyingine ilitokana na spiriti ya viwandani iliyotiwa methanoli, kileo chenye sumu, kwa matakwa ya serikali ili isinyweke, na watu walikufa kwa kuinywa. Asali, ndimu na maji ya machungwa vilisaidia kufunika ukali. Kuna kokteli ya jini (ile pombe kali iitwayo gin), ndimu na asali, Bee's Knees, ambayo mpaka leo huhusishwa na enzi zile.

Baa za siri za siku hizi hazimkimbii polisi, zina leseni zake. Mtindo huu mpya ulipata nguvu New York. Sasha Petraske alifungua Milk & Honey mwishoni mwa 1999, chumba kidogo kisicho na kibao, akaweka masharti ya adabu, mojawapo likiwa kutozubaa nje ya mlango, kwa sababu majirani walitaka kulala. Mwaka 2007 ikaja PDT, kifupi cha Please Don't Tell, yaani tafadhali usimwambie mtu, ambayo unaiingia kupitia kibanda cha simu kilicho ndani ya duka la soseji. Kwa hiyo kile kikadi mbele yetu hakikuwa maringo. Kilikuwa kinawalinda majirani. Hilo nililisikia, nikalikubali kwa kichwa, na kabla ya usiku kuisha nikalivunja.

Menyu ilikuwa kijitabu cha ngozi. Majina ya vinywaji yalikuwa kama mistari ya shairi, chini ya kila jina vitu vitatu au vinne, na hakuna bei popote. Nilimwona rafiki yangu akigeuza kurasa mbele na nyuma. Nami nilitaka kuuliza bei, nikajizuia. Nikachagua jina lililonivutia.

Kijana akamgeukia yeye. "Na wewe dada, nikutengenezee nini?"

Akanyamaza. Alikifunga kile kijitabu, akakiweka sawa na ukingo wa kaunta, akakinyoosha tena ingawa kilikuwa kimenyooka. Kisha akasema, akimtazama kijana wala si mimi, "Mimi sinywi. Niliacha."

Nilihisi joto kupanda shingoni. Miaka sita sijamwona, ndiyo sikujua. Lakini nilikuwa nimempeleka mtu aliyeacha pombe mahali ambapo ukuta mzima ni chupa, na nilimwambia asiulize. Nikaanza kusema maneno mengi, kwamba tuondoke, kwamba samahani. Akaniwekea mkono gotini kunituliza, wakati mimi ndiye niliyepaswa kumtuliza.

Kijana wa kaunta alifanya jambo ambalo sitalisahau. Hakubadilika uso. Hakuuliza kwa nini. Alimuuliza swali moja tu: "Nisitie kileo kabisa, hata matone?" Sikuelewa. Akaeleza kwamba yale matone machungu yanayotiwa kwenye vinywaji vingi ni mizizi na maganda yaliyolowekwa kwenye pombe kali. Ile inayojulikana zaidi, Angostura, ina kileo cha asilimia 44.7. Matone mawili ni kitu kidogo sana, lakini ni haki ya mtu kuchagua, na anayedhani anakunywa juisi hawezi kuchagua. Rafiki yangu akasema, "Kabisa." Kijana akaisogeza mbali ile chupa, akasuuza vyombo vyake upya mbele ya macho yetu, akaanza.

Ukiwa na mwenzako asiyekunywa, iwe kwa dini, kwa dawa, kwa mimba au kwa sababu yake mwenyewe, mwambieni mchanganyaji waziwazi kwamba hamtaki kileo hata cha matone. Msiseme tu "kisicho kali." Neno hilo kila mtu analipima kwa kipimo chake.

Alimtengenezea kinywaji cha tangawizi iliyopondwa, ndimu, asali na chai nyeusi iliyopozwa. Mimi nilidhani ataletewa kwenye glasi ya maji yenye mrija. Alimwekea kwenye glasi nzito ileile ya wanywa wiski, na pande moja la barafu lililokatwa kwa mkono, linalong'aa hadi unaweza kusoma maandishi upande wa pili. Tulimuuliza inakuwaje. Akasema maji yakigandishwa kwenye chombo kilichozibwa ubavuni na chini ili baridi iingie kutoka upande mmoja tu, hewa husukumwa hadi mwisho, na ile sehemu yenye ukungu hukatwa ikatupwa. Pande kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo, kwa hiyo kinywaji hakiwi maji upesi. Na maji nayo ni sehemu ya kinywaji. Katika kokteli iliyokorogwa vizuri, robo hivi ya kilichomo ni maji ya barafu.

Tulimtazama akikoroga kwa kijiko kirefu, mgongo wa kijiko ukiteleza kwenye ukuta wa bilauri bila kugonga. Kisha alichovya mrija, akaziba juu kwa kidole, akautoa na tone ndani yake, akalionja. Kila glasi aliionja hivyo, kila mara kwa mrija mpya. Alituambia kanuni ambayo nimeishika: chenye ndimu, yai au maziwa hutikiswa, chenye pombe tupu hukorogwa. Ukijua hilo, unaweza kukisia ukali kwa kutazama tu. Kilichokorogwa kikamiminwa kwenye glasi ndogo, hicho karibu chote ni kileo, nenda nacho taratibu.

Mimi sikwenda taratibu. Kinywaji changu cha kwanza kilikuwa jamii ya ile ya jini na asali, kitamu, chepesi mdomoni, kikaisha kwa dakika kumi. Kililetwa kwenye glasi yenye mguu, bila barafu, na kitu cha namna hiyo kikianza kupata joto unahisi unalazimika kukimaliza. Nikaagiza cha pili. Cha tatu kilikuwa chekundu, kichungu, sehemu sawa za jini, Campari (pombe nyekundu chungu) na vermuti (mvinyo uliotiwa viungo), yaani Negroni kwa jina jingine.

Hesabu niliifanya kesho yake, kwa kalamu na karatasi. Mililita 60 za jini ya asilimia 40, ambazo ni kama toti mbili, zina mililita 24 za kileo halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo kile kiglasi kinachojaa kiganjani ni chupa nzima kubwa ya bia. Negroni ya mililita 30 kila upande nayo inaangukia hapohapo. Nilikunywa sawa na chupa tatu kubwa kwa saa moja na nusu, tumbo tupu, na ini la mtu huondoa takriban mililita 10 tu kwa saa. Ina maana usiku wa manane nilikuwa bado sijafika hata nusu ya safari ya kuitoa. Nilipotafuta chakula, kulikuwa na kibakuli cha zeituni. Kula kabla ya kwenda, chakula cha kushiba, hata kama unadhani utakula huko.

Kuna kitu kingine kilichonifanya ninywe upesi, na nitakisema. Nilikuwa naona haya. Nilikuwa nakunywa ili nisifikirie nilichomfanyia, na yeye alikuwa kando yangu na chai yake ya tangawizi, ananiona. Yeye anakijua hicho kitu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Bili ikaja ndani ya kikasha. Kokteli moja ilikuwa karibu mara tatu ya ninacholipa nikinywa baa ya kawaida. Kinywaji chake kisicho na kileo kilikuwa pungufu kidogo tu, na hilo nalielewa, kwa kuwa kazi na barafu ni ileile. Ada ya huduma ilikuwa imeshajumlishwa. Mimi sikuuona mstari huo, nikaongeza bahshishi juu yake, nikawa nimelipa mara mbili. Malipo ya watu wawili wasiofika yalikuwa yamekwenda zamani. Jumla ikawa zaidi ya mara mbili ya nilichopanga kutumia. Na nilipoitazama ile karatasi, rafiki yangu akasema, "Tugawane," nikasema sawa.

Alikunywa glasi mbili za chai na tangawizi. Nilimwalika mimi. Akalipa nusu. Nimeshamrudishia pesa, ila aibu ya kukubali ninayo hadi leo. Anayekunywa na asiyekunywa wasigawane bili katikati. Na kama umemwalika mtu mahali penye bei zilizofichwa, jua bei mapema, ujue kama unaweza kumlipia, ili mgeni wako asilazimike kukuokoa.

Tulipotoka kupitia kile kioo, hewa ya nje ilinipiga na miguu ikawa si yangu. Nilianza kumwomba radhi kwa sauti kubwa, barabarani, nalia. Dirisha la ghorofani likawashwa taa. Akanishika mabegani akaninong'oneza, "Shosti, watu wamelala. Twende, utaniambia nyumbani." Alikuwa ameshaita teksi kabla hatujainuka vitini. Mimi sikuwa nimepanga hata tutarudije.

Asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda changu na bilauri ya maji. Nikamwambia nilichotaka kusema usiku, safari hii polepole. Akanieleza kwamba ana miezi kumi na minne tangu aache, kwamba alifikia mahali pa kunywa peke yake kila siku akirudi kazini, na kwamba wiki nzima kabla ya safari alikuwa akilala vibaya. Hakuogopa chupa. Aliogopa kuniambia mimi, kwa sababu katika miaka yetu ile sisi wawili tulikuwa watu wa kunywa pamoja, na hakujua kama bila hilo bado kuna kitu kati yetu.

"Kwa hiyo nimeharibu," nikamwambia.

"Ungeniuliza tu," akasema. "Ningekuja vilevile. Nilitaka kukuona. Ila ningekuja nimejiandaa."

Sikuwa na jibu. Tulikaa hivyo mpaka jua likafika kwenye pazia.

Alirudi tena mwaka uliofuata, na safari hii nilimuuliza anataka kwenda wapi. Akasema, "Kulekule. Kwa yule kijana wa barafu." Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika, akaniambia nisimfanye mgonjwa. Nikapiga simu ile baa, nikauliza yote: kokteli moja bei gani, ada ya huduma imo au haimo, tunaweza kukaa muda gani, kuna chakula cha kushiba, wana vinywaji visivyo na kileo vingapi kwenye menyu, na kama tunaweza kupewa viti viwili vya kaunta. Aliyepokea alinijibu kila kitu bila haraka. Ilichukua dakika nne. Mwaka mzima nilikuwa nimebeba picha kwamba wangenicheka.

Tulikula kwanza. Tulifika mapema. Mimi nilikunywa glasi moja, nikaimaliza kwa saa nzima na maji pembeni, na nililipa bili yote. Kijana alimkumbuka, akamtengenezea tena ile ya tangawizi, na alipoona anaifurahia akamwandikia vipimo nyuma ya kikadi cha masharti: asali iliyoyeyushwa kwa maji moto, ndimu, chai, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba.

Wiki iliyopita alinitumia picha kutoka jikoni kwake. Glasi nzito, pande moja la barafu, si angavu kama lile, lina ukungu katikati. Chini ameandika kwamba tangawizi ilizidi, kesho atapunguza.